Ng'ombe wa Shinyanga, Plastiki Mabegani

Katika Mkoa wa Geita hakuna mtu mwenye akili timamu anunuaye dhahabu kwa kuitazama tu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hufika na kipande chake, nacho huchomwa, husafishwa, hupimwa usafi wake na kuwekwa juu ya mizani mbele ya muuzaji na mnunuzi. Mwezi Machi 2019 serikali ilifungua mjini Geita soko la madini ili kazi hiyo ifanyike hadharani na kila upande upate haki yake. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na watu wa Geita hawakujifunza jambo hilo katika kitabu cha methali. Wamejifunza kwa kupoteza mali.

Lakini mtu huyo huyo, akiisha kulipwa fedha zake, huvuka barabara akaingia dukani, akaonyeshwa koti jeusi la kupandia pikipiki, akaambiwa ni ngozi, akatoa noti akalipa. Haligeuzi nje ndani. Halikunji. Hatafuti ukingo uliokatwa ili aone kilichomo. Miezi sita baadaye koti hilo linabanduka mabegani kama rangi ya ukuta uliopigwa na mvua, na chini yake kinaonekana kitambaa. Alinunua plastiki kwa bei ya ngozi. Jambo hilo linatendeka katika mikoa ambayo utajiri wake wa kwanza, kabla ya almasi ya Mwadui na kabla ya mgodi wowote mkubwa wa dhahabu, ulikuwa ng'ombe.

Ikiwa kuna aibu inayostahili kusemwa kwa sauti katika ukanda wa Shinyanga na Geita, basi ni hiyo.

Miguu ya utumishi wa umma

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vijana wa bodaboda, wala hayawahusu watu wa maofisini na madarasani. Hao hawajatazama uani mwa ofisi zao. Pikipiki leo ndiyo miguu ya utumishi wa umma vijijini. Mwaka 2018 waratibu elimu kata waligawiwa pikipiki kwa maelfu, na mwaka 2022 maafisa ugani wa kilimo nao wakagawiwa kwa maelfu. Mtendaji wa kata, mganga wa zahanati, bwana mifugo, mwalimu mkuu aitwaye wilayani kwa kikao, wote hao humaliza sehemu kubwa ya siku juu ya magurudumu mawili, kati ya Kahama na Masumbwe, kati ya Geita na Katoro, au katika njia za changarawe za Kishapu ambako vumbi la lori moja humfunga macho mpanda pikipiki kwa muda mrefu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mtumishi huyo avae kofia ngumu, na ni vema. Lakini kichwa kikiisha kuokolewa, mwili unabaki na kinga gani?

Mpanda pikipiki aangukaye kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa hasimami pale alipoangukia. Huburuzwa kwa sekunde mbili au tatu, na katika muda huo lami au changarawe humla kama msasa ulavyo ubao. Dakta Roderick Woods wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitumia miaka mingi kuyapima mavazi ya wapanda pikipiki kwa kuyasugua juu ya mkanda mkwaruzo uendao kasi, na kazi yake ndiyo iliyosaidia kuweka viwango vya Ulaya. Katika vipimo vya namna hiyo kitambaa cha kawaida cha pamba hutoboka kabla ya sekunde moja kutimia. Ngozi nzuri ya ng'ombe yenye unene wa kutosha huhimili sekunde kadhaa. Tofauti kati ya mtumishi atakayerudi kazini Jumatatu na yule atakayelazwa wiki nzima imo katika sekunde hizo chache.

Plastiki ina ubaya wake wa pekee. Joto la msuguano huiyeyusha, ikagandamana na kidonda, na mganga akawa na kazi ya kuibandua kabla hajaanza kukiosha kidonda chenyewe. Kwa hiyo aliyeuziwa plastiki kwa jina la ngozi hakuibiwa fedha peke yake. Aliuziwa kinga isiyokuwapo, naye akaongeza mwendo kwa kuitumainia.

Ghiliba nne

Mlanguzi wa ngozi bandia hana uchawi. Ana ghiliba nne tu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Dawa yake ni ukingo. Mnunuzi atafute mahali palipokatwa, penye mfuko wa ndani au chini ya mkunjo wa kola, na kutazama. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana bila mpango, kama mizizi ya nyasi. Ngozi bandia huonyesha utando mwembamba juu, na chini yake nyuzi za kitambaa zilizofumwa kwa mstari. Kisha aubonyeze uso kwa kidole gumba. Ngozi ya kweli hujikunja mikunjo midogo kuzunguka kidole, kama ngozi ya mkono wa mtu. Bandia hubonyea tu. Na akipata kijiuzi kilichochomoza ukingoni, muuzaji akikubali, akiguse kwa moto: ngozi hunuka kama nywele au kwato iliyoungua na kuacha majivu, plastiki huyeyuka na kufanya kitone kigumu. Harufu ya koti zima isimdanganye mtu, kwa maana harufu ya ngozi huuzwa ndani ya chupa na kupuliziwa.

Ya pili ni ya werevu zaidi, kwa sababu muuzaji anaposema "hii ni ngozi" hasemi uongo. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hivyo kiwandani huchanwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, lililobeba vitundu vya nywele, ndilo lenye nyuzi zilizoshikamana na ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini lina nyuzi legevu. Walanguzi huchukua tabaka hilo la chini, wakalipaka plastiki, wakalipiga muhuri wa vitundu vya uongo, likapendeza kuliko la juu. Dawa yake ni kutazama vitundu hivyo. Mungu hakumwumba ng'ombe kwa mashine. Katika ngozi ya kweli vitundu havilingani, mahali vimekaribiana na mahali vimeachana, na aghalabu lipo kovu dogo la mwiba au la kupe. Uso ulio sawasawa kila mahali, wenye mchoro unaojirudia kila baada ya vidole vichache, umepigwa muhuri. Mnunuzi anayekataa koti kwa sababu lina kovu dogo la mwiba, akachagua lililo laini kama sahani, mara nyingi amekataa ngozi akachagua rangi.

Ya tatu ni unga wa ngozi. Mabaki ya viwandani husagwa, yakachanganywa na gundi, yakatandazwa kama chapati. Kitu hicho kina chembe za ngozi ndani yake kama mchuzi wa hoteli mbaya ulivyo na nyama. Dawa yake ni kukunja. Kikikunjwa kwa nguvu mara kadhaa huonyesha mistari ya kupasuka, na ukingo wake hauna nyuzi ndefu.

Ya nne huwapata hasa wapenzi wa mitumba. Koti lililotoka Ulaya laweza kuwa ngozi ya kweli tupu, laini na la heshima, lakini lilishonwa kwa ajili ya matembezi ya jioni. Ngozi yake ya kondoo ni nyembamba, nayo barabarani huchanika kama karatasi. Ngozi ya ng'ombe ya koti la pikipiki hutakiwa kuwa na unene wa kama milimita 1.2 hadi 1.4. Kila mtumishi anayo rula ya kupimia jambo hilo mfukoni: kadi ya benki ina unene wa kama robo tatu ya milimita. Ukingo wa koti uwe mnene kuliko kadi moja, ukaribie kadi mbili zilizowekwa pamoja. Ngozi ya mbuzi yaweza kuwa nyembamba kidogo na bado ikawa imara, ndiyo maana hupendwa kwa glavu.

Baada ya ngozi yenyewe hufuata mshono. Ngozi bora iliyoshonwa kwa uzi wa nguo za watoto hufunguka palepale inapogusa chini. Mshono wa begani na wa kiwiko uwe na mistari miwili au mitatu, na mmoja kati yake uwe umefichwa ndani ambako barabara haiufikii. Zipu ivutwe na bitana igeuzwe. Viwiko na mabega yawe na mahali pa vikinga vigumu. Na kwa upande wa viatu, vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya hubeba alama tangu sheria yao ya 1994: umbo la ngozi iliyowambwa ni ngozi, umbo hilo likiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa, almasi peke yake ni kitu kingine. Mwalimu awezaye kusoma ramani hashindwi kuzisoma alama tatu.

Kosa la nyumbani

Hata hivyo, kuwalaumu walanguzi peke yao ni kujificha. Bidhaa hafifu hazikuingia kwa mabavu. Zilikuta nafasi tupu. Nafasi hiyo ilitengenezwa nyumbani, tangu zizini hadi machinjioni.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Usukuma ni moja ya ghala zake kubwa. Lakini ngozi ya ng'ombe huyo huanza kuharibiwa angali hai. Miiba ya migunga humchana na kupe humtoboa. Hayo ni ya mbuga, na josho na malisho yaliyotunzwa, kama ngitili za Wasukuma, hupunguza madhara yake. Chapa ya moto, lakini, huwekwa na mkono wa mtu. Chapa kubwa inapogandamizwa ubavuni au kwenye paja, huchoma sehemu ambayo fundi angekatia mgongo wa koti. Katika kampeni ya kupiga chapa mifugo mwaka 2017, kila mtaalamu alijua kwamba alama ndogo shavuni au chini ya goti ingetosha kumtambulisha mnyama. Hereni zilizoanza kutumiwa baadaye ni nafuu kwa ngozi, nazo zastahili kuungwa mkono kwa sababu hiyo pia.

Machinjioni mambo huwa mabaya zaidi. Mchunaji hulipwa kwa haraka yake, halipwi kwa uangalifu wake. Kisu chenye ncha kali huacha matundu na mikato upande wa nyama, na kila mkato ni mahali ambapo koti litapasukia. Kisha ngozi hutupwa chini juani badala ya kuwambwa kivulini au kutiwa chumvi, ikaanza kuoza kabla ya kumpata mnunuzi. Bunge lilitunga Sheria ya Biashara ya Ngozi mwaka 2008. Hakuna sheria iwezayo kushika kisu cha mchunaji. Kisu hicho hushikwa na mtu anayejua kwamba ngozi ina bei, na kwamba ngozi yenye matundu haina.

Na bei ndiyo iliyokosekana. Mwaka 2012 ushuru wa kusafirisha nje ngozi ghafi ulipandishwa hadi asilimia 90 ya thamani yake, kwa nia njema ya kuvilisha viwanda vya nchini. Mlango wa nje ukabanwa, lakini mlango wa ndani haukuwa na mnunuzi wa kutosha. Bei ilipoanguka, yalikuwapo machinjio ambayo yaliitupa ngozi kama taka. Fisi na mbwa wa mjini wakala mali ambayo mtumishi wa umma alikuwa akiitafuta dukani kwa jina lake na kupewa plastiki.

Somo la Morogoro na la Moshi

Wapo wasemao kwamba tatizo ni kukosa viwanda. Historia inawakatalia. Nchi hii ilijenga viwanda vya ngozi Moshi, Mwanza na Morogoro. Morogoro kilijengwa pia kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kushona mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuziuza Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine zilikuwapo na majengo yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa ngozi safi kutoka machinjioni upande mmoja, na upande wa pili mnunuzi wa nyumbani ajuaye kutofautisha kazi njema na mbaya. Kiwanda kilichojengwa ili kumpendeza mteja wa mbali, huku jirani akivaa raba, kilikuwa kimekwisha kupotea njia.

Leo nafasi ya pili ipo. Mwaka 2020 ulizinduliwa mjini Moshi upanuzi mkubwa wa kiwanda cha ngozi cha Karanga, ubia wa Jeshi la Magereza na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Maneno hayo ya mwisho wasomaji wa ukurasa huu wayasome tena polepole. Michango ya uzeeni ya walimu na watumishi imo ndani ya kiwanda hicho. Mtumishi wa Geita anaponunua viatu vya plastiki vilivyopewa jina la ngozi, huwa ameyatupia mawe mapaa ya nyumba yake ya uzeeni.

Tena, wataalamu hawako mbali. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mtu wa Geita hasubiri tena kivuko ili kuifikia. Dawa ya kusindikia ngozi itokayo katika magome ya miwati imetengenezwa Njombe kwa miongo mingi. Ng'ombe wapo, dawa ipo, shule ipo na barabara ipo. Asiyeonekana bado ni mnunuzi aliye mkali.

Visingizio

Watasema ngozi ya kweli ni ghali na mshahara ni mdogo. Ni kweli kwamba mshahara ni mdogo. Ndiyo sababu ya kutokuutupa kila mwaka. Koti la plastiki huvaliwa misimu miwili; la ngozi lililopakwa mafuta na kuanikwa kivulini hurithiwa. Asiyeweza kununua vyote aanze na glavu na viatu, kwa maana mtu aangukapo hutanguliza mikono, na mguu ndio unaobanwa chini ya pikipiki. Koti lifuate. Lakini kuvaa koti bandia na kujihesabu kuwa amekingwa ni kujidanganya kwa gharama.

Watasema Shinyanga kuna joto. Joto lipo, na fundi mwenye akili hulipa koti matundu ya hewa kifuani na mgongoni. Mchungaji wa Kisukuma hukaa mbugani juani mchana kutwa akijua kwamba miiba haipungui kwa sababu ya joto. Lami nayo haipungui ukali.

Watasema Mzungu au Mchina ndiye ajuaye kutengeneza. Hiyo ni kasumba tu. Mtengenezaji ngoma wa kijijini, ambaye hakupita chuo chochote, hukataa ngozi yenye tundu kabla ya kuiwamba, kwa kuwa anajua itapasuka mbele ya wachezaji. Ujuzi wa kuipima ngozi haukuletwa kwa meli. Uliachwa pembeni siku watu waliposadiki kwamba kitu kikiisha kufungwa katika mfuko wa nailoni hakihitaji kukaguliwa.

Nani aanze

Halmashauri za wilaya ndizo za kwanza kuulizwa. Kila pikipiki ya umma inapokabidhiwa kwa hotuba na picha, diwani mmoja asimame aulize: pamoja na ufunguo, mtumishi huyu amepewa nini cha kuvaa? Na ofisa ununuzi anapoandika zabuni ya makoti, glavu na viatu, asiandike neno "ngozi" akaishia hapo. Aandike kwamba ni ngozi ya tabaka la juu, aandike unene wake kwa milimita na idadi ya mistari ya mshono, kisha siku ya kupokea mzigo afungue maboksi na kukata kipande. Ofisa apokeaye mzigo bila kuukagua, akatia sahihi, amemsaidia mlanguzi, hata kama hakula rushwa yoyote.

Bwana mifugo na mkaguzi wa machinjio wamfundishe mchunaji kutumia kisu cha mviringo, na wenye machinjio wamlipe nyongeza kwa kila ngozi isiyo na tundu. Mwalimu wa sayansi naye, badala ya kuchora ubaoni mchoro wa ngozi ya mnyama na kuufuta, alete darasani kipande cha ngozi na kipande cha plastiki, watoto wavikunje, wavichome, wavinuse. Mtoto wa mfugaji aliyefanya hivyo mara moja hatadanganywa dukani Katoro akiwa mtu mzima, na akirudi nyumbani atamwuliza baba yake kwa nini chapa imewekwa ubavuni.

Wazee walisema chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika soko la ngozi methali hiyo imepinduliwa: kibaya kimekaa dukani chini ya taa, na chema kimetupwa nyuma ya machinjio. Haitapinduliwa tena na waziri wala na kiwanda peke yake. Itapinduliwa kaunta kwa kaunta, na mnunuzi anayeligeuza koti nje ndani, akautazama ukingo, akaubonyeza uso kwa kidole gumba, akalirudisha juu ya meza na kuulizia lililo la kweli. Muuzaji akiisha kuulizwa hivyo na walimu kumi katika wiki moja, wiki ya pili atakwenda kulitafuta. Na atakapolitafuta, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mtu atafika machinjioni na fedha mkononi kuulizia ngozi isiyo na tundu.